Kompyuta na Gari: Mfano Unaosaidia Hadi Mahali Fulani

Mtu asiyeijua kompyuta akitaka kuelezwa ni kitu gani, mara nyingi hupewa mfano wa gari. Mwalimu humwambia kwamba kichakataji ni injini, diski ni buti la mizigo, na mfumo endeshi ni usukani na pedali zinazomwezesha dereva kuitawala injini asiyoiona. Muuzaji dukani husifia nguvu za mashine yake kama dalali wa magari anavyosifia injini ya cc nyingi. Na anayeiogopa kompyuta huondolewa hofu kwa kuambiwa kwamba si lazima awe makanika ndipo aendeshe gari.

Mfano huo una kazi yake na haufai kudharauliwa. Humwonyesha mgeni kwamba mashine ina sehemu, kila sehemu ina wajibu wake, na sehemu moja dhaifu huzipotezea thamani nyingine zote. Injini kubwa kwenye matairi kipara haimfikishi mtu popote, na kichakataji cha kasi kwenye kompyuta yenye kumbukumbu finyu ni fedha iliyopotea. Matatizo huanza mfano unapobebeshwa maswali mazito zaidi: kwa nini bei hushuka, kitu huchakaaje, nani awajibike kikiharibika. Hapo hutoa majibu ya uongo, na watu hununua, hutengeneza na hata kutunga sheria kwa kuyafuata. Chanzo cha upotofu huo ni kimoja. Kazi ya gari ina uzito, ya kompyuta haina. Gari huhamisha miili ya watu na magunia. Kompyuta hupokea alama, huzibadili na kuzitoa, na alama haipimwi kwa kilo.

Bidhaa mbili za mwaka 1984 zinaonyesha jambo hili waziwazi. Januari mwaka huo kampuni ya Apple ilitoa Macintosh, kompyuta ya mezani iliyouzwa Marekani kwa dola 2,495. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128, haikuwa na diski ngumu ya ndani, na kichakataji chake kilikwenda kwa mapigo yasiyofika milioni 8 kwa sekunde. Novemba mwaka huohuo Toyota ikaanza kuuza Land Cruiser za mfululizo wa 70. Leo Macintosh ile hutafutwa na makumbusho na wakusanyaji wa vitu vya zamani. Land Cruiser 70 bado inaundwa, kwa umbo ambalo dereva wa mwaka 1984 angelitambua mara moja, na bado inapandisha watalii mbugani Tanzania na Kenya, inabeba wagonjwa wa vijiji vya mbali na kupita kwenye matope ya mashariki mwa Kongo. Hakuna anayeishangaa barabarani. Ilhali simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inaizidi Macintosh ile mara 32,768 kwa kipimo hicho kimoja cha kumbukumbu.

Wahandisi wa magari hawakulala katika miaka hiyo yote. Walichokutana nacho ni maumbile. Abiria wa leo ana kilo zilezile alizokuwa nazo babu yake, kwa hiyo kiti hakiwezi kupunguzwa mpaka kikatoshea kidoleni. Hewa nayo haikubali kusukumwa bure: gari linalotaka kupasua hewa kwa mwendo mara mbili huhitaji nguvu mara nane. Kuhusu mafuta, Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba injini inayotumia joto haiwezi kuligeuza joto lote kuwa kazi, hata iundwe kwa ustadi gani. Injini ya kawaida ya petroli hutumia vyema kama robo hadi theluthi ya nishati iliyomo kwenye mafuta, na iliyobaki hutokea kwenye ekzosi na rejeta. Tuseme miujiza itokee na injini itumie kila tone bila kupoteza chochote. Gari lingekwenda mara tatu au nne zaidi kwa lita moja, na hapo ndipo ukomo wa injini. Mara elfu haipo, kwa sababu mzigo wenyewe uko palepale.

Kwa kompyuta mzigo wenyewe ndio unaoweza kupunguzwa. Biti moja ni hali mbili tu, ipo au haipo, na chochote kinachoweza kushika hali hizo mbili kwa uhakika kinatosha kuibeba. Transista ndogo hubeba biti sawasawa na transista kubwa, tena huchukua nafasi ndogo, hutumia umeme kidogo na hubadilika upesi zaidi. Kwa hiyo kila hatua ya kupunguza ukubwa ilileta faida tatu kwa mpigo. Gordon Moore aliuona mwendo huo mwaka 1965, alipoandika kwamba idadi ya vijenzi katika kipande kimoja cha silikoni ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 alirekebisha makadirio yake kuwa kila miaka miwili. Kichakataji Intel 4004 cha mwaka 1971 kilikuwa na transista 2,300. M1 ya Apple, iliyotoka mwaka 2020, ina transista bilioni 16.

Mwaka 2015, andiko la Moore lilipotimiza miaka 50, mkurugenzi mkuu wa Intel wa wakati huo, Brian Krzanich, alieleza hesabu iliyofanywa na wahandisi wake. Kama Volkswagen Beetle ya mwaka 1971 ingeboreshwa kwa kasi iliyoboreshwa vichakataji, alisema, ingekwenda maili 300,000 kwa saa na kugharimu senti 4 za dola. Maili hizo ni kama kilomita 480,000. Gari la namna hiyo lingeizunguka dunia kwa dakika tano, lakini lisingeizunguka hata kidogo, maana mwendo huo ni karibu mara 12 ya ule unaotosha kukiondoa kitu duniani kikapotelea angani. Hesabu za aina hii husimuliwa mara kwa mara ili kuwasifu watengenezaji wa kompyuta, na msikilizaji huondoka akidhani watengenezaji wa magari walizembea. Hazithibitishi hivyo. Zinathibitisha kwamba vitu viwili visivyofungwa na kanuni moja vimewekwa kwenye mizani moja.

Tena vichakataji vina ukuta wao. Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM na wenzake walieleza jinsi transista zinavyoweza kupunguzwa bila joto kuongezeka katika eneo lilelile. Utaratibu huo ulianza kushindwa katikati ya miaka ya 2000, na joto likawa kizuizi. Pentium 4 ya mwaka 2004 ilifika gigahezi 3.8, yaani mapigo bilioni 3.8 kwa sekunde. Miaka ishirini baadaye kompyuta nyingi za kawaida bado zinacheza karibu na kiwango hicho, zikipita kwa muda mfupi tu kazi inapozidi. Hapa mfano wa gari umewatia hasara wanunuzi wengi, kwa sababu wamezoea kusoma gigahezi kama wanavyosoma cc. Core 2 Duo za mwaka 2006 zilikuwa na gigahezi chache kuliko Pentium 4 na bado ziliishinda, kwa kuwa zilifanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo. Hata idadi ya viini vya kichakataji haihesabiki kama farasi wa injini. Gene Amdahl alieleza mwaka 1967 kwamba faida ya kugawana kazi huishia pale penye sehemu isiyogawanyika: ikiwa nusu ya kazi lazima ifanywe hatua kwa hatua, hata viini elfu moja havitaifanya iishe kwa kasi iliyozidi mara mbili.

Pengine upungufu mkubwa kuliko wote ni kwamba gari lina kazi moja, nayo imefungwa kwenye chuma chake. Anayetaka cherehani hawezi kuipata kwa kumpa makanika maelekezo mapya juu ya Land Cruiser. Kompyuta ilibuniwa kinyume cha hayo. Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing aliandika juu ya mashine ya kufikirika inayosoma maelezo ya mashine nyingine yoyote ya kukokotoa na kufanya kazi ya mashine hiyo. Wazo hilo ndilo msingi wa kompyuta zote zilizofuata. Mashine ni moja, kazi zake hazina orodha kamili, kwa sababu kazi huandikwa baada ya mashine kuundwa na mara nyingi huandikwa na watu ambao muundaji hakuwajua. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, watu walitumiana fedha kwa simu za kawaida za kubonyeza. Aliyeunda simu hizo hakuwa amekusudia ziwe mahali pa kutunzia fedha. Kilichoongezwa kilikuwa maelekezo ndani ya laini, ambayo nayo ni kompyuta ndogo, na mitambo ya kampuni upande wa pili.

Maelekezo hayo hayana uzito, na kwa hiyo hunakiliwa karibu bila gharama. Henry Ford aliposhusha muda wa kuunganisha chasi ya Model T kutoka zaidi ya saa 12 hadi dakika 93 hivi, katika miaka ya 1913 na 1914, dunia nzima ilijifunza kutoka kwake. Hata hivyo gari la milioni lilidai chuma chake, mpira wake na jasho lake kama lilivyodai gari la kwanza. Programu hudai karibu kila kitu kwenye nakala ya kwanza na karibu bure kwenye zinazofuata. Ndiyo maana Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na mwanafunzi wa Finland Linus Torvalds mwaka 1991, imeweza kuenea duniani kote bila kuuzwa. Mwandishi Mmarekani Neal Stephenson, katika insha yake ndefu ya mwaka 1999 juu ya mifumo endeshi, aliifananisha na vifaru imara vinavyoundwa na watu wa kujitolea na kuachwa kando ya barabara, atakaye achukue. Picha hiyo ilipendwa sana, na sababu yake ni kwamba haiwezekani: hakuna anayeweza kugawa vifaru bure, bali programu hugawiwa hivyo kila siku.

Katika insha hiyohiyo Stephenson alifananisha mifumo endeshi mingine na maduka ya magari yanayotazamana, na hapo wachambuzi wengi hukosoa kwamba mnunuzi wa gari hajali jirani kanunua aina gani, wakati mtumiaji wa kompyuta hufuata mfumo wanaoutumia wenzake. Afrika Mashariki ukosoaji huo unapaswa kupunguzwa makali. Mtu wa Mbeya au Bungoma anayechagua Toyota iliyotumika kutoka Japani hufanya hivyo kwa sababu majirani wanazo: spea ziko kila mji, na kila gereji ina fundi aliyekwisha kuifungua. Kuhusu kufuata wengi, basi, gari na kompyuta vinakaribiana hapa kuliko huko ulikoandikwa mfano.

Havikaribiani katika uchakavu. Gari linapoanza kula oili na kutoa moshi wa samawati, fundi anajua ringi za pistoni zimelika. Anafungua injini, anapima silinda, anaonyesha chuma kilichopungua. Kila kilomita imeondoa kitu, na hakuna atakayelirudisha gari zima liwe kama lilivyotoka kiwandani. Kompyuta inayosumbua ikipelekwa dukani, fundi anachomeka fleshi, anafuta diski na kupiga Windows upya. Baada ya saa moja au mbili programu ni mpya kabisa, biti kwa biti, kama ile ya siku ya kwanza. Vifaa vyake, ni kweli, huchakaa: betri hufa, feni hujaa vumbi, diski huisha uhai. Programu haichakai hata itumike mara bilioni.

Mbona basi kompyuta huzeeka? Huzeeka kwa sababu yaliyoizunguka yanabadilika. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, Mswisi aliyebuni lugha ya Pascal, aliandika kulalamikia programu zinazozidi kuwa nzito upesi kuliko vifaa vinavyoongeza kasi. Laptopu iliyofungua kurasa za intaneti bila shida miaka kumi iliyopita sasa inahema, ingawa yenyewe haijapunguza hata pigo moja. Kurasa ndizo zimenenepa. Mmiliki anayefikiri kwa mfano wa gari huamua kwamba mashine imechoka, akanunua nyingine, pale ambapo mfumo mwepesi zaidi au diski ya kisasa ingetosha.

Kuna uzee wa aina nyingine usio na kifani kwenye chuma. Windows XP ilitoka mwaka 2001, na tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya usalama. Usiku ule hakuna kompyuta iliyobadilika. Kilichobadilika ni kwamba kuanzia hapo kila mwanya utakaogunduliwa ungeweza kubaki wazi. Windows 7 ikafuata Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Breki za gari hufa kwa kutumika, na dereva husikia mlio. Kinga ya kompyuta hufa kwa tarehe iliyowekwa na kampuni, kimya kimya, hata kama mashine ilikuwa imefungwa kabatini.

Mwanya huo huwa hatari kwa sababu kuna watu wanaoutafuta. Mwizi wa gari sharti afike lilipo gari, na akiiba moja ameiba moja. Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani na kuahirisha upasuaji. Kiraka cha kuziba mwanya uliotumika kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla, lakini wengi hawakuwa wamekiweka. Ni hapa ambapo ile faraja ya kwamba dereva si lazima awe makanika inapogeuka kuwa ushauri mbaya. Dereva asiyejua injini hadhuriwi na mtu aliye nchi nyingine kwa sababu ya kutojua huko. Mtumiaji wa kompyuta asiyejua maana ya sasisho, nywila au kiungo kilichotumwa na asiyemfahamu anaweza kudhuriwa leo hii.

Faraja hiyo inasahau pia kwamba usukani na pedali vimetulia kwa karibu miaka mia moja. Havikuanza hivyo: Model T ilikuwa na pedali tatu ambazo dereva wa sasa zingemchanganya, ya kati ikiwa ya kurudi nyuma, na mafuta yalidhibitiwa kwa mkono. Mpangilio wa leo ulipoenea, aliyejifunza mara moja aliweza kuendesha karibu gari lolote maisha yake yote. Kompyuta haijawahi kutulia namna hiyo, kwa kuwa kinachotumiwa hasa ni programu, na programu hubadilishwa ovyo wakati wowote. Mhasibu anayeandika kanuni kwenye jedwali la hesabu si dereva tu. Kwa kiasi fulani anaunda mashine mpya kila anapoandika.

Jambo la kutisha zaidi katika tofauti hizi ni namna kila kimoja kinavyoharibika. Chuma huvumilia. Chemchemi iliyopungua nguvu kidogo hubeba mzigo pungufu kidogo, na mhandisi huongeza unene kidogo ili awe na akiba ya usalama. Programu haina kidogo. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou huko Guyana ya Ufaransa. Ndani yake mlikuwa na programu iliyofanya kazi vizuri kwenye Ariane 4. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda upande, na namba moja iliyoandikwa kwa biti 64 ikajaribiwa kuingizwa kwenye nafasi ya biti 16. Haikuenea. Kompyuta ya akiba ilishindwa kwanza, na ile kuu ikafuata kwa kosa lilelile muda mfupi sana baadaye, kwa sababu zote mbili zilikuwa na programu moja. Roketi ikapinda na kuvunjika sekunde 40 hivi tangu kuanza safari. Tairi la spea humwokoa dereva kwa kuwa halikukanyaga msumari uliotoboa lile la kwanza. Nakala ya programu imeukanyaga msumari huo tangu ilipoandikwa. Mholanzi Edsger Dijkstra, mmoja wa waasisi wa taaluma hii, alisisitiza mwaka 1988 kwamba kompyuta ni jambo jipya kiasi kwamba kulieleza kwa mifano ya vitu vilivyozoeleka hupotosha, na mojawapo ya sababu zake ni hiyo ya badiliko dogo kabisa kuleta matokeo makubwa kabisa.

Wakati huohuo gari lenyewe linahamia upande wa kompyuta. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, walionyesha kwamba wangeweza kuiingilia Jeep Cherokee kupitia intaneti ikiwa barabarani na kuizima mwendo. Kampuni iliyoiunda ikatangaza kurekebisha magari milioni 1.4, na wenye magari wengi wakatumiwa fleshi kwa posta. Mwaka huohuo ikafichuliwa kwamba Volkswagen iliweka kwenye magari yapatayo milioni 11 programu iliyotambua gari linapopimwa moshi na kubadili tabia ya injini kwa muda wa kipimo tu. Hakuna makanika ambaye angeuona udanganyifu huo kwa kufungua injini. Tangu mwaka 2021 kanuni za Umoja wa Mataifa namba 155 na 156 zimeweka masharti ya ulinzi wa kidijitali na masasisho ya programu za magari, na Japani na nchi za Ulaya ni miongoni mwa zinazozitumia. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imeihesabu programu kuwa bidhaa ambayo mtengenezaji wake huwajibika ikileta madhara.

Magari hayo yatafika Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yametumika, kama yalivyofika yaliyotangulia. Kenya huzuia magari yaliyozidi miaka 8, kipimo kilichowekwa kwa kufikiria chuma na uchakavu wake. Kwa magari yajayo itabidi pia kuuliza mtengenezaji ataendelea kutuma masasisho hadi lini, kama yatafika kwenye gari lililotoka nje ya nchi lilikouzwa kwanza, na kama fundi wa gereji ya mtaani ataruhusiwa kuifungua programu kama anavyoruhusiwa leo kuifungua injini.